Nikon Series E 75-150mm: zumu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 140,000

Lenzi ninayoieleza hapa, zumu, yaani lenzi inayoweza kuvuta picha karibu, ilianza kuuzwa mwaka 1980. Haina mota ya kufokasi, haina chipu ya kuwasiliana na kamera, haina kifaa cha kuzuia mtikisiko, na muuzaji aliyeniuzia alikuwa ameiweka rafu ya chini kabisa, nyuma ya chaja na mikanda ya kamera, kwa sababu aliamini kwamba hakuna mtu atakayeiulizia. Niliipata katika duka dogo la ghorofani Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Aggrey. Nimeitumia kwa miezi minane kwenye Nikon D7000 yangu, sokoni, uwanjani, ukumbini na nyumbani, na sasa naona ninaweza kusema kwa haki inamfaa nani, haimfai nani, na kwa nini kasoro inayowafanya wanunuzi wengi waikimbie siyo ile inayopaswa kuwatisha.

Kwenye ukingo wa mbele pameandikwa Nikon Lens Series E, kisha vipimo vyake, 75-150mm na 1:3.5. Aliyezoea lenzi za kampuni hiyo ataona mara moja kwamba neno Nikkor halipo, na halikusahaulika. Mwaka 1979 kampuni hiyo, ambayo wakati huo bado iliitwa rasmi Nippon Kogaku, ilitoa kamera ndogo na nyepesi ya Nikon EM kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kumiliki kamera ya kubadilisha lenzi. Na kwa kuwa isingekuwa na maana kumuuzia mtu kamera ya bei nafuu kisha kumtaka anunue lenzi ya bei ya mtaalamu, ikatengeneza pamoja nayo kundi la lenzi za gharama ndogo, zenye plastiki nyingi zaidi na muundo rahisi zaidi, likaitwa Series E. Jina la Nikkor likabaki kwa lenzi za daraja la juu. Kwa hiyo Series E zilidharauliwa tangu mwanzo na watu waliozipima kwa jina, na dharau hiyo ni sababu mojawapo ya bei zake kubaki chini hadi leo. Katika kundi lile, hii ya 75-150mm ndiyo iliyojijengea heshima hata kwa wapiga picha waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo, maana gharama ilipunguzwa kwenye gamba, lakini vioo vikatendewa haki. Ndani yake kuna vioo 12 vilivyopangwa katika makundi 9, na tundu lake la mwanga, ambalo wengi wetu tunaliita aparcha, hufunguka mpaka 3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi) uwe umesimama kwenye milimita 75 au umevuta hadi 150. Zumu nyingi za bei nafuu za leo hazifanyi hivyo. Ukizivuta, tundu lake hujibana lenyewe na mwanga hupungua wakati ule ule unapouhitaji zaidi. Uzito wake ni kama gramu 520, na filta zake ni za milimita 52, ambazo hazina shida kupatikana.

Siku niliyokwenda dukani, muuzaji alikuwa na lenzi mbili za aina hii, na jinsi nilivyochagua kati ya hizo mbili ndiyo sehemu ya maelezo haya ambayo ningependa mnunuzi aisome kwa utulivu.

Ya kwanza ilikuwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, vifuniko vyote viwili vikiwepo, rangi nyeusi ikiwa inang'aa, maandishi meupe hayajafutika, na pete ya zumu ikisogea kwa uzito wa wastani kama inavyotakiwa. Muuzaji aliitaka shilingi 260,000. Ya pili haikuwa na mkoba wala kifuniko cha nyuma. Gamba lake lilikuwa na mikwaruzo, ukingo wa filta ulikuwa na kibonyeo kidogo, na pete yake ya zumu ilikuwa imelegea kabisa, kiasi kwamba nilipoielekeza lenzi chini, pete iliteleza yenyewe hadi mwisho, na nilipoinua juu ikarudi. Hiyo alianza kwa kutaka 180,000. Mnunuzi yeyote aliyeingia pale angeikamata ile ya kwanza, na mimi mwenyewe niliikamata kwanza.

Kisha nikawasha tochi ya simu. Namna ya kufanya ni kufungua aparcha mpaka mwisho, kushika tochi upande mmoja wa lenzi kwa mshazari, na kuchungulia kutoka upande wa pili huku ukizungusha lenzi taratibu, ili mwanga upite juu ya uso wa kila kioo badala ya kupita katikati moja kwa moja. Ndani ya ile lenzi nzuri, karibu na ukingo wa moja ya vioo vya katikati, nikaona nyuzi nyembamba zenye matawi, mfano wa mizizi ya nyasi au utando wa buibui mdogo. Hiyo ni kuvu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyokaa gizani kwa muda mrefu mahali penye unyevunyevu, na sisi tunaoishi pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, tunaishi katika hewa inayoipenda sana. Mkoba wa ngozi ambao muuzaji aliusifia kama ushahidi kwamba lenzi imetunzwa, ndio hasa ulioidhuru, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia pale pale kioo kilipo. Kuvu ikiwa changa, fundi anaweza kufungua lenzi na kuifuta. Ikikaa, hutoa tindikali inayokula utando uliopakwa juu ya kioo na hatimaye kioo chenyewe, na hapo hata ukiisafisha, alama zake hubaki. Zaidi ya hayo, kufungua zumu ya vioo 12 na kuifunga tena kila kioo kikiwa mahali pake kwa usahihi ni kazi ya fundi mzoefu, na malipo yake yanaweza kuizidi bei ya lenzi yenyewe.

Lenzi ya pili, ile iliyochakaa, ilikuwa safi ndani. Kulikuwa na chembe chache za vumbi, kama ilivyo katika kila lenzi ya umri huo, na chembe hizo hazionekani kamwe kwenye picha. Kulikuwa pia na mkwaruzo mmoja mfupi kwenye kioo cha mbele, nao vilevile sijawahi kuuona kwenye picha hata moja. Nilipotafakari nikaelewa kwamba kuchakaa kwake na usafi wake vina chanzo kimoja. Mtu fulani aliitumia sana, akaivuta na kuirudisha maelfu ya mara mpaka pete ikalegea, na muda wote huo ilikuwa nje, juani na kwenye hewa inayotembea, ambako kuvu haipati nafasi ya kuota. Ile nyingine ilikuwa imelala. Tangu siku hiyo, ninapotazama lenzi ya mtumba, mng'ao wa gamba haunipi tena faraja. Hunifanya niwashe tochi mapema zaidi.

"Hii imelegea tu, kaka, lakini kioo chake ni kizima," muuzaji aliniambia alipoona nimeiweka pembeni ile ya mkoba. Alikuwa anasema kweli. Nilimwonyesha pia ile kuvu kwenye lenzi ya kwanza, akaitazama kwa muda, na nadhani hakuwa ameijua, kwa sababu aliniomba nimfundishe namna ya kushika tochi.

Kabla ya kulipa nilikagua mambo mengine kwa haraka. Nilizungusha pete ya aparcha na kutazama majani yake, yaani vipande vyembamba vinavyolibana tundu: yanatakiwa yawe makavu, na ukikisukuma kikono kidogo kilicho nyuma ya lenzi kwa ncha ya kidole kisha ukakiachia, majani yafunguke na kujifunga papo hapo bila kusitasita. Majani yenye madoa ya mafuta hukwama, hasa lenzi ikiwa baridi, na picha hutoka na mwanga mwingi kupita kiasi bila mpigaji kujua sababu. Nilihakikisha pete ya fokasi inazunguka kwa ulaini kutoka mita 1, ambako ndiko karibu kabisa inakoweza kufokasi, hadi mwisho wa upeo. Mwisho nikaifunga kwenye kamera yangu, ambayo nilikwenda nayo kwa kusudi hilo, nikapiga picha ya bango lililojaa maandishi ukutani, mara moja aparcha ikiwa 3.5 na mara moja ikiwa 8, nikakuza picha kwenye kioo cha kamera na kulinganisha pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu huku tatu ni kali, ujue lenzi iliwahi kuanguka au iliwahi kufunguliwa na mtu asiyeijua kazi. Zangu zilikuwa sawa. Tukamaliza kwa 140,000.

Sasa nizungumzie ile pete. Kulegea kwa pete ya zumu ni ugonjwa maarufu wa lenzi hii, na ni nadra kuipata nyingine ambayo haina. Pete yake ni moja kwa kazi mbili: ukiizungusha unafokasi, ukiisukuma au kuivuta unabadilisha upana wa picha, na kinachoizuia isiteleze ni msuguano tu wa ndani, ambao hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Unapopiga picha lenzi ikiwa imelala sawa, hutahisi lolote, na kwa kweli ulegevu huo hufanya zumu iwe nyepesi na ya haraka kuliko lenzi nyingi mpya. Taabu huanza ukipiga kitu kilicho juu au chini yako, kwa kuwa upana wa picha hubadilika wenyewe wakati unafokasi. Dawa niliyotumia iligharimu karibu bure: nilikata kipande chembamba cha utepe laini, mfano wa ule wanaotumia wachoraji wa kuta kuziba kingo, nikakibandika kwa urefu juu ya mwili wa lenzi, sehemu ambayo pete hupita juu yake. Unene wa utepe mmoja ulikuwa mdogo. Nilipoweka wa pili juu ya wa kwanza, pete ikapata uzito unaofaa na haiteremki tena isipokuwa nikielekeza lenzi chini moja kwa moja. Huo utepe nimeubadilisha mara mbili katika miezi minane kwa sababu joto la mchana huilainisha gundi. Usitumie utepe mweusi wa fundi umeme, maana gundi yake huyeyuka na kuingia ndani ya pete.

Jambo ambalo mnunuzi lazima alijue kabla hajatoa hata senti ni kamera gani aliyonayo. Mlango wa lenzi wa Nikon, unaoitwa F, haujabadilika umbo tangu mwaka 1959, kwa hiyo lenzi hii itaingia kwenye kamera za kidijitali za Nikon zenye mlango huo. Lakini kuingia ni jambo moja na kupimiwa mwanga ni jingine. D7000 na ndugu zake wakubwa, kama D300, D700, D610 na D750, wana kikono kidogo pembeni ya mlango kinachosoma pete ya aparcha. Kwenye kamera hizo unaingia kwenye menyu ya lenzi zisizo na chipu, unaandika urefu na aparcha kubwa zaidi, yaani 3.5, na kamera inakupimia mwanga kama kawaida ukiwa katika hali ya A (wewe unachagua aparcha, kamera inachagua muda wa mwanga kuingia) au M (unachagua vyote mwenyewe). Kwenye kamera za safu ya D3000 na D5000, ambazo ndizo wanafunzi na wanaoanza wengi wanazo, kikono hicho hakipo. Lenzi itapiga picha, lakini kamera haitapima mwanga kabisa. Utalazimika kukisia kasi ya shata, yaani muda wa mwanga kuingia, na kutazama picha baada ya kila pigo. Mtu mwenye uzoefu anaweza kuvumilia hilo, lakini anayeanza atachoka katika wiki moja, na sioni haki kumshauri ainunue.

Wenye kamera za Canon wanaweza kuitumia kwa adapta nyembamba isiyo na kioo ndani, kwa sababu umbali kati ya mlango na sensa, yaani sehemu inayopokea picha ndani ya kamera, kwenye Nikon ni milimita 46.5 na kwenye Canon EOS ni 44, na nafasi hiyo ya milimita 2.5 inatosha kuweka adapta bila kuharibu fokasi. Kinyume chake hakiwezekani kwa njia rahisi hivyo. Wenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, za aina yoyote ile, wana raha zaidi, kwa kuwa kamera zao huwaonyesha mwanga kabla ya kupiga na nyingi hupaka rangi kingo za kitu kilicho kwenye fokasi.

Kwenye D7000 yangu, sensa ndogo hufanya upana wa picha uwe sawa na wa lenzi ya milimita 112 hadi 225 kwenye kamera ya filamu. Huo ni urefu wa kupiga nyuso. Asubuhi ya kwanza niliipeleka Soko la Samaki la Feri, saa kumi na mbili na nusu, wakati mnada umeshachangamka na mwanga ungali wa kijivu. Nilisimama mahali pamoja karibu na meza ya changu na vibua, nikaomba ruhusa kwa wauzaji waliokuwa mbele yangu, kwa sababu lenzi ndefu isiwe kisingizio cha kuwavizia watu, nikaanza kupiga. Kufokasi kwa mkono mahali penye watu wanaosogea ni kazi, na picha nyingi za nusu saa ya kwanza zilitoka na fokasi kwenye sikio au kwenye kofia badala ya jicho. Kamera hunisaidia kwa kitone kidogo kinachowaka chini ya dirisha la kutazamia fokasi inapokaa sawa, lakini kitone hicho kina uvumilivu mpana kuliko jicho la mtu aliye makini, na kwenye aparcha ya 3.5 tofauti ya sentimita mbili huonekana. Nilijifunza kuacha kumkimbiza mtu. Nilichagua umbali, nikafokasi kwenye ukingo wa meza, nikasubiri mtu ainame pale pale. Kuanzia hapo picha zikaanza kutoka.

Na zilipotoka, zilikuwa na sura ambayo lenzi yangu ya plastiki iliyokuja na kamera haijawahi kunipa. Aparcha ikiwa 3.5, picha ina ulaini mdogo, hasa kwenye milimita 150, na ulaini huo kwa uso wa mtu mzima si kasoro. Kwenye 4 inaanza kukaza, na kwenye 5.6 inakuwa kali kutoka katikati hadi karibu na pembe, kiasi kwamba katika picha moja ya mzee mvuvi ninahesabu nyuzi za kofia yake ya mkono. Nyuma ya mtu, vitu hufifia kwa utulivu, bila zile kingo ngumu zinazogombana na uso. Rangi zake hazikolei kupita kiasi, na ngozi zetu, kuanzia ya maji ya kunde hadi nyeusi kabisa, zinabaki na vivuli vyake vya ndani badala ya kugeuka bapa. Nilimpiga bibi yangu kibarazani Bagamoyo, saa kumi na moja jioni, amejifunga kanga ya rangi ya zambarau, kwenye milimita 105 hivi na aparcha ya 5.6, picha hiyo imechapishwa kwa ukubwa wa sentimita 60 na kutundikwa sebuleni kwa shangazi, na kila anayeitazama kwa karibu huniuliza nimetumia lenzi gani.

Ina mapungufu, na baadhi ni makubwa. Ikielekezwa kwenye jua au taa kali, picha hufunikwa na ukungu mweupe na wakati mwingine hutokea miduara ya rangi, kwa hiyo hudi, yaani kinga ya mwanga wa pembeni, ya mpira na ya kuzungushia kwenye nyuzi za filta ni lazima. Yangu niliipata kwa shilingi 10,000, na sijaivua tangu hapo. Kwenye kingo za vitu vyeupe vilivyo mbele ya anga, kama tanga la ngalawa wakati wa adhuhuri, hujitokeza mstari mwembamba wa zambarau aparcha ikiwa wazi kabisa. Ukibana hadi 5.6 mstari huo hupungua sana, na uliosalia huondolewa kwa programu ya kuhariri bila shida. Kwa kuwa hakuna kizuia mtikisiko, kasi ya shata inapaswa kuwa angalau 1/250 unapokuwa kwenye milimita 150 na kamera ya sensa ndogo. Chini ya hapo hata mkono uliotulia huacha alama.

Kwa mpira wa miguu sikuiweza. Nilijaribu mechi mbili za watoto wa mtaani Tegeta, na pale mchezaji anapokukimbilia, umbali hubadilika kwa kasi kuliko ninavyoweza kuzungusha pete. Nilipata picha nzuri za golikipa, za makocha, za watoto waliokaa nje ya mstari wakila miwa, lakini si za mpira wenyewe. Harusini ndiko nilikoumia zaidi, kwa sababu kule nilikuwa nalipwa. Katika send-off moja, ukumbi ukiwa na taa za rangi zinazozunguka, nilitaka kumpiga bibi harusi akiingia akicheza na wapambe wake. ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, ilikuwa 3200, aparcha 3.5, shata 1/160, naye alikuwa anakuja mbele yangu hatua kwa hatua. Kati ya picha ishirini na moja nilizopiga wakati wa kuingia, tatu tu zilikuwa kwenye fokasi. Mwenzangu aliyekuwa na lenzi ya kisasa aliiokoa kazi. Tukio lisilorudiwa halipaswi kukabidhiwa lenzi ya mkono, na sijaipeleka tena harusini isipokuwa kwa picha za wazazi waliokaa mezani, ambako inafanya vizuri kuliko zote nilizonazo.

Kwa hiyo mtu mwenye kazi ya matukio, au mwenye D3000 au D5000 ya toleo lolote, aitafute Nikon AF-S DX 55-200mm f/4-5.6 VR, iliyotoka mwaka 2007 na inayopatikana mtumba kwa wingi. Ni ya plastiki, tundu lake la mwanga hujibana ukiivuta, na sura ya picha zake hainigusi sana. Lakini inafokasi yenyewe, inazuia mtikisiko, ni nyepesi, na itafanya kazi kikamilifu kwenye kamera hizo. Niliwahi kuwa nayo na sina neno baya la kusema juu yake. Anayepiga watu waliotulia, mandhari, majengo ya zamani ya Mji Mkongwe au mashua zilizotia nanga, na ambaye kamera yake inasoma pete ya aparcha, atapata katika hii Series E picha ambazo kwa lenzi mpya angezilipia zaidi ya milioni.

Kuhusu bei, kwa lenzi iliyo safi ndani, hata kama pete imelegea na gamba limechubuka, ningekubali kulipa hadi shilingi 180,000. Ikiwa pete yake bado ina uzito na kioo ni safi, 220,000 ni halali. Yenye kuvu nisingeichukua hata kwa 50,000, na nisingekubali kuiweka mkoba mmoja na lenzi zangu nyingine. Maneno kama "kuvu hii ni ndogo tu, inafutika" usiyapokee dukani; anayesema inafutika aifute kwanza, kisha akuuzie.

Yangu ninaihifadhi kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu nilivyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Kukisia tu unyevu hakutoshi, kwa hiyo nimeweka humo kipimo kidogo cha unyevu, na kikifika asilimia 55 ninabadilisha vifuko. Wakati wa masika kipimo hupanda haraka, na nimezoea kuitoa lenzi kila Jumapili, kuiweka dirishani kwa saa moja, kuivuta na kuirudisha mara kadhaa, kisha kuwasha tochi na kuchungulia ndani. Jumapili iliyopita nilifanya hivyo tena, na vioo vyote 12 bado ni safi.